Hekalu la Kuondoka Upesi

"Kifurushi hiki niachie mimi," alisema Bi Kinuyo. "Hivyo vingine beba wewe."

Masae akavibeba: mwavuli, chupa ya chai, matonge ya wali, na koti la akiba la mama mkwe wake huyo. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na hili lilikuwa hekalu la tatu. Kwenye la kwanza walitazama mnara. Kwenye la pili walipanda ngazi zenye utelezi kwenda kumwona Buddha wa mbao. Bibi akamkagua mara moja tu, akasema, "Huyu naye kazeeka," wakashuka. Soksi za Masae zilikuwa zimelowa chapachapa na magoti yalikuwa yakimuuma. Naye hakuwa msichana tena.

Lakini hakunung'unika. Hili la tatu ndilo hasa lililowatoa nyumbani, na mji mzima wa Ikaruga unajua wazee hufuata nini pale. Huja na nguo zao za ndani, mtawa akaziombea. Atakayezivaa, wanasema, siku yake ikifika ataondoka mara moja, kama taa iliyozimwa. Hatalala kitandani miaka, hatavalishwa nepi, hataoshwa kwa mikono ya mtu mwingine.

Na mikono hiyo ingekuwa ya nani kama si ya Masae? Baba mkwe alipopooza, yeye ndiye aliyemgeuza, aliyemlisha na aliyemsafisha mpaka alipofariki mwaka jana. Mumewe, Noboru, alikuwa akichungulia mlangoni huku ameziba pua. Na shukrani je? Asante ya punda ni mateke. Tangu msiba uishe, kila Bi Kinuyo alipojikwaa sebuleni, Masae alishtuka: jamani, ndiyo naanza tena? Mara ya pili hataiweza. Alijua kabisa hataiweza.

Ndiyo maana asubuhi ile, bibi alipotokea na kifurushi chake na kusema, "Nipeleke kule wanakoombea nguo," moyo wa Masae uliruka kwa furaha. Kisha akaona haya kwa furaha yake mwenyewe.

Waliketi barazani kungoja zamu yao.

"Umechoka," alisema Bi Kinuyo.

"Wala, Mama."

"Usinidanganye. Unahema kama ng'ombe wa jembe." Bibi akakipakata kifurushi chake. "Nilikuwa nakuona, ujue, ulivyokuwa ukimwosha mzee. Maji ulikuwa unayapima kwanza kwa kiwiko. Hata manesi hawafanyi hivyo."

Tangu aolewe, hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kutoka kinywani mwa bibi huyu.

"Kuuguza mtu mzima si mchezo," bibi akaendelea. "Hasa akiwa mzito. Utavunjika mgongo bure. Nguvu zako hizo lazima tuzitunze."

Masae akaangua kilio palepale, mbele ya watu. "Nisamehe, Mama. Kumbe mimi nilikuwa nakuwazia mabaya."

"Ebo! Futa machozi, watu wanatutazama. Haya, tunaitwa."

Ndani kulinuka ubani na makoti yaliyolowa. Mtawa alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakifungua, akaanza kuzipanga nguo juu ya sinia mbele ya madhabahu. Masae aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini jicho likamponyoka.

Zilikuwa bukta. Bukta pana za kiume, kiuno kimelegea, alizozifua na kuzianika yeye mwenyewe juzi.

"Mama!" alinong'ona. "Umekosea droo. Hizi za Noboru!"

"Nimekosea nini? Presha inampanda kila siku, na tumbo lile unaliona. Huyo akija kulala kitandani, atakumaliza."

"Na za kwako ziko wapi?"

Bi Kinuyo alikuwa ameshaunganisha viganja vyake na kufumba macho, ametulia tuli.

"Za kwangu za nini, mwanangu? Mimi si ninaye wewe?"