Fundi Hakuachia Waya

Na itangazwe tangu Majengo hadi Sitalike: leo saa nne asubuhi, nyumbani kwa kina Kalisti linawashwa jiko la umeme! Jiko lenyewe lilikuwa kuukuu, mguu mmoja umeegemezwa tofali.

Fundi wa umeme aliyelifunga alikuwa na desturi yake. Waya aliouchagua kwa hesabu zake aliushika kwa kiganja kitupu huku jiko likiwaka, wenye nyumba waone kwamba haupati joto.

Kalisti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliijua desturi hiyo. Jana yake alikata kipande cha waya ule juu ya jiko, akachomoa shaba nene, akapenyeza ndani ya ganda waya mwembamba wa taa, akakiunganisha tena. Alitaka fundi aruke, majirani wacheke.

"Washa, mama," fundi alisema, akaukamata waya.

Mwanzoni alitabasamu. Kisha jasho likamtoka. Harufu ya plastiki ikaenea, lakini hakuachia.

"Achia, fundi!" mama alipiga kelele, akalizima jiko.

"Hesabu zangu hazijawahi kukosea," fundi alinong'ona. "Basi nimezeeka."

Akabandua kiganja. Ganda jeusi lilitoka na ngozi, na ndani yake ukaonekana waya mwembamba, mwekundu. Fundi aliutazama sana. Kisha akageukia mlangoni, kwenye sanduku la Kalisti la kurudia shule. Lilikuwa limefungwa kwa shaba nene, inayong'aa.

Kalisti hakuweza kucheka.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka uruke tu, fundi. Kwa nini hukuruka?"