Pilau Inakuja

Kila palipokuwa na harusi porini, Kima aliitwa kuwachekesha wageni wakati wakisubiri chakula. Alijifunga aproni kama mpishi, na rafiki yake Nguchiro akamuuliza kwa sauti:

“Pilau iko wapi?”

“Inakuja.”

“Inatoka wapi?”

“Inatoka huko inakokuja.”

“Itafika lini?”

“Ikishakuja!”

Wageni walicheka mpaka wakasahau njaa. Ngiri, mwenyekiti wa pori, alicheka kuliko wote, na maneno akayashika.

Kiangazi kikakausha kisima. Wanyama wakaitisha mkutano.

“Mheshimiwa, maji yako wapi?” akauliza Pofu.

“Yanakuja,” akajibu Ngiri.

“Yanatoka wapi?”

“Yanatoka huko yanakokuja!”

Wakacheka, wakapiga makofi na ndoo zao tupu. Kima peke yake hakucheka. Akasimama.

“Mheshimiwa, mimi sitanii. Mwanangu hajanywa maji tangu jana.”

Mkutano mzima ukaangua kicheko.

“Huyu Kima jamani! Leo kaja na kichekesho kipya!”

“Nasema kweli!” Kima akalia. Wakagaragara chini, hawana mbavu.

Ngiri akajifuta machozi, akamwinamia sikioni.

“Hicho cha mtoto mwenye kiu ni kizuri,” akamnong'oneza. “Mkutano ujao nakitumia.”