Gia Inachomoka

Krrrk!

Sauti ilikwaruza ua mzima. Krrrk! Ndani ya gari dogo kuukuu la rangi ya majivu, mtu mwenye ovaroli chafu alikanyaga klachi mpaka goti likamuuma, akasukuma tena mkono wa gia. Rivasi ilikataa katakata.

Wenzake walimwita Kidole, kwa wepesi wake wa kufungua milango ya watu. Wa gari hili alikuwa ameufungua kwa sekunde chache, mchana kweupe, akaunganisha nyaya chini ya usukani, injini ikawaka. Tabu ilikuwa moja tu: mbele ukuta, nyuma geti, na gari halitaki kurudi nyuma.

Mlango wa nyumba ukalia. Kidole alivuta kishikio ili atoke mbio. Kishikio kikabaki mkononi.

Mama mwenye nyumba alikuja taratibu, taulo la jikoni begani. Aliziangalia nyaya zilizoning'inia, kisha akaiangalia ovaroli.

"Karibu, fundi. Naona umeshaanza."

Kidole alijipangusa mikono kwenye ovaroli. Siku za mwizi arobaini, naye alidhani hajafika hata ya ishirini. "Ndiyo, mama. Nilibisha hodi, hamkusikia."

"Huo mlango haufunguki kwa ndani. Tulia tu." Aliegemea dirishani. "Hiyo rivasi kukataa ni madeko. Ugonjwa wenyewe uko gia ya pili. Ukifika mteremkoni inachomoka, gari linajiendea kama mbuzi aliyekata kamba."

"Mmegundua lini?"

"Siku ya tatu tangu tulinunue. Nikawatafuta wote watatu waliokuwa nalo kabla yetu. Wa kwanza lilimtumbukiza mtaroni. Wa pili aliliuza wiki hiyohiyo. Wa tatu, aliyetuuzia sisi, kusikia neno gia tu, akakata simu."

"Na mzee anasemaje?"

"Mzee!" Alicheka bila furaha. "Anasema gari halina neno, wabovu ni madereva. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Kesho asubuhi anatuteremsha mlimani, kwa dada yake. Nikikataa kupanda, anawapakia mapacha na mama yake, anaondoka nao. Nifanyeje?"

Jasho lilimtiririka Kidole ndani ya ovaroli. "Basi ngoja nikafuate spana zangu, mama."

"Spana za nini? Kaa hapo."

Alifungua mlango wa nyuma wa gari. Akatoa viti vya watoto, kiatu kimoja kidogo, mwavuli wa bibi, akavirundika kwenye ngazi. Hata mikeka ya miguuni akaing'oa. Kisha akalifungua geti, milango yote miwili, mpaka mwisho.

"Haya. Ingiza gia ya kwanza kwanza, ndipo uitie rivasi. Polepole, usiilazimishe."

Kidole alifanya alivyoambiwa. Gia ikaingia kama kisu kwenye siagi. Gari likaserereka kinyumenyume mpaka mkia wake ukatokeza barabarani. Uhuru ulikuwa hatua tatu tu.

"Wewe! Nani huyo na gari langu?"

Mzee alikuwa amechomoza kichwa kwenye dirisha la nyumba, nusu ya kidevu povu la sabuni, wembe mkononi. Kidole akakanyaga breki.

"Fundi huyo, baba watoto!" mkewe alijibu. "Anasafisha plagi tu, kisha analijaribu kidogo barabarani!"

"Fundi? Nani kamwita fundi? Si nimesema gari halina neno?"

"Ndiyo maana lisafishwe, ling'ae safarini! Au tufike kwa dada yako na moshi?"

Mzee aliguna, akaupitisha wembe shavuni. "Haya. Fundi! Unalirudisha saa ngapi?"

Mama aliinama, akaingiza kichwa kwenye dirisha la gari, midomo karibu iguse sikio la Kidole.

"Mwambie saa kumi," alinong'ona. "Pita barabara ya tambarare, likatwekatwe vipuri, asilipande mtu tena. Na ukithubutu kulirudisha, mwizi wewe, nitapiga yowe mtaa mzima ukumiminikie."

Kidole alimtazama, kisha akatoa kichwa nje.

"Saa kumi kamili, mzee wangu!" alipaza sauti. "Naahidi!"