Visiki vya Nyati

Wanyama wa bwawani walikuwa na desturi: mtawala mpya akiingia, Ngiri hufuta kila alama ya aliyemtangulia.

Nyati alipotawazwa, aliamuru mikuyu ya ukingoni ikatwe. "Inatumalizia maji," alisema. Kiangazi kilipofika, jua lililichoma bwawa lisilo na kivuli, maji yakakauka, na ndama wa Nyati mwenyewe akafa kwa kiu.

"Chura, wewe ni mzaliwa wa hapa," Nyati alisema huku akilia. "Mbona hukunionya?"

"Uliniuliza lini, Mzee? Kifaru naye aliikata, na Tembo kabla yake. Wote walilia hivi hivi. Kisha mikuyu ilipandwa upya, visiki vikang'olewa, nawe hukukuta alama yoyote."

Ngiri walikuwa wameshaanza kung'oa hata visiki vya Nyati, wakimwandalia mrithi wake uwanja.

"Viacheni!" akawaambia. "Pandeni mikuyu mingine kando yake. Na atakayenifuata mumtawaze papa hapa, hata kama ni aibu yangu."

Miaka ikapita. Twiga akaja kutawazwa, naye ameshapanga kukata mikuyu. Akajikwaa.

"Hivi visiki ni vya nini?" akauliza.

Chura alikuwa amelingoja swali hilo maisha yake yote.