Petroli Iliyopunguzwa

Pistoni ilikuwa imetoboka, tundu la kuingia kidole. Sumeiya alilichungulia, kisha akaisoma tena kompyuta ya injini. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta huongeza petroli ili injini isiungue. Hii ilikuwa imeamriwa kuipunguza.

“Petroli chafu hiyo, mwanangu,” alisema mjomba wake, aliyemfundisha ufundi, na aliyenuna tangu asikie kwamba Sumeiya anafungua gereji yake mwenyewe huko Kibarani. Gari hili lilikuwa la mteja wa kwanza wa Sumeiya mwenyewe.

Kompyuta ilionyesha kwamba amri ilibadilishwa Ijumaa, saa saba na nusu mchana, gari likiwa humu katika gereji ya mjomba, nayo imefungwa kwa ajili ya swala. Ufunguo hukaa mfukoni mwa mjomba.

Sumeiya alijifuta grisi, kidole kimoja kimoja.

“Mjomba, Ijumaa uliswali msikiti gani?”