Maji Yatasema

Asubuhi ile watu wa Kataki walishuka ziwani na nguo chafu, wala hakuna hata mmoja aliyebeba sabuni.

Mama Clémence alikumbatia mto wa kulalia wa binti yake. Mwingine alishika kofia, mwingine kitenge kilichokunjwa tangu msiba. Wote walikuwa na wafu wao ndani ya ile boti iliyozama karibu na Zongwe, boti iliyojazwa watu na magunia mpaka maji yakalamba ukingo wake. Na nahodha wa boti hiyo alikuwa Florent, mtoto wa Mama Adolphine.

Adolphine hakubeba kitu. 

Mambo yote yalianzia redioni. Wataalamu, redio ilisema, wamegundua namna ya kuchota maji kwenye chupa na kujua viumbe vilivyopita humo. Habari ikaingia kwenye simu, na ndani ya simu ikaota meno. Ilipotoka, mashine ilikuwa inataja waliozama kwa majina na kuonyesha walipolala, mradi tu inusishwe kwanza jasho lao.

"Hana miguu, lakini anafika kabla ya pikipiki," Adolphine alizoea kuwategea wajukuu, nao hujibu kwa kelele: "Uvumi!" Leo hakuwa na hamu ya kutega.

Wilfried, yule mtafiti mwenye chupa, alikuwa amesimama majini mpaka magotini, sauti imemkauka. "Bamama, sisi tunatafuta samaki! Mashine inajua hii ni ndakala, hii ni mukeke. Jina la muntu haijui!"

"Wasomi hawamalizagi maneno," akajibu Rubens, kaka yake Clémence. "Jana mafuta ya mawese yanaua, leo yanaponesha. Huyu anajua, anaficha tu." Kisha akamgeukia Adolphine. "Na nahodha? Nguo yake iko wapi? Maji yasipomuona, njo tutajua alikimbia, akaacha watu wetu wafe. Na tukimupata..."

Wanaume nyuma yake walishika makasia, na siku ile hakuna aliyekuwa anaenda kuvua.

Adolphine hakuiamini hiyo mashine. Lakini mtu anaweza kukataa kuamini kitu na bado akakitetemekea. Ziwa likinyamaza, yeye bado ana mtoto: pengine mawimbi yamemtupa upande wa Kigoma, pengine anaumwa kwa watu wema. Ziwa likisema, Florent atakufa mara ya pili.

Wakamsindikiza mpaka kwa Nadine, mke wa Florent. Kwa heshima ya mjane wakabaki nje ya ua wa matete, Adolphine akaingia peke yake.

Nadine alikuwa anasonga bukari. Sufuria ilikuwa kubwa kwa mwanamke aliye peke yake. Hata Keren, binti yake mdogo, alipelekwa kwa shangazi mara tu baada ya matanga.

"Yote hii unakula wewe?"

"Huzuni inakula, Mama."

"Wanataka nguo ya Florent. Yenye jasho lake, isiyofuliwa."

Mwiko ukaanguka. "Hakuna. Siku ya kuondoa matanga tuligawa zote, ulikuwepo. Suruali kwa wajomba, mashati kwa wadogo zake. Zimeshafuliwa, zimeshavaliwa."

"Hata moja hukuficha? Mjane hakosi kuficha moja."

"Hata moja, Mama."

Adolphine akashusha pumzi. Mungu amsamehe, alifurahi. Hakuna nguo, basi hakuna jibu.

"Mama Adolphine!" Rubens aliita. "Mukikosa, tutaingia kutafuta sisi wenyewe!" Matete ya ua yakalia, yakavunjika.

Uso wa Nadine ukawa majivu. "Iko moja," akasema.

Akapita nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Akakawia huko, kama vile shati lilikuwa linakataa kuja. Alipotoka alikuwa amelibana kifuani kwa mikono miwili.

Adolphine akalipokea, akazika uso ndani yake ili alie. Kilio hakikuja. Akainua macho, akamtazama mkwe wake. Nadine alikunja mikono kama mtu anayesali, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Lete, Mama!" Rubens alikuwa ameshafika mlangoni.

Adolphine akalivaa. Akalivaa juu ya blauzi yake, akafunga vifungo upande upande mpaka shingoni, akatoka nje akipiga yowe.

"Mutoto wangu! Muniachie mutoto wangu!"

"Vua, Mama. Maji yanangoja."

"Nivue wewe! Muvue mama aliyefiwa mbele ya watu, Rubens, halafu uende ukamuelezee mama yako aliyekuzaa."

Rubens akatazama chini. Clémence akaja na mto wake kwapani, akamshika Adolphine mabega. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mwacheni," alisema. "Jasho limeshachanganyika na la kwake. Mashine haitajua tena nani ni nani."

Wakanung'unika, mmoja akatema mate, lakini wakaondoka, wakateremka kumfuata Wilfried na chupa zake.

Adolphine akashika ukuta mpaka vishindo vyao vikapotea. Akaingia, akafunga mlango, akavua shati, akalirusha juu ya pazia la chumba cha ndani.

"Vaa, Florent," alinong'ona. "Lilinifikia likiwa bado na joto lako."