Milango ya Umeme

Kwa miaka thelathini fundi Kheri aliyaponya magari yaliyogoma kwa dawa moja: huchomoa waya wa betri, huhesabu hadi kumi, kisha huurudisha. Gari jipya la Rukia lilipozimika njiani kuelekea kliniki, likasukumwa hadi gereji yake, hakusita.

"Mama abaki ndani?" Rukia aliuliza. "Miguu haimbebi."

"Abaki, dada. Kufumba na kufumbua mtaondoka. Gari ni gari tu."

Alichomoa waya. Milango ikajifunga, na vitasa vikazama ndani ya bati. Aliurudisha; gari halikuitika.

"Fungua, fundi!"

"Nifungulie wapi, dada? Hakuna hata tundu la ufunguo."

Jua la saa saba lilichoma paa. Ndani, Bi Salma alijipepea kwa ncha ya kanga, kisha akaacha kujipepea. Midomo yake ilitamka neno wasilolisikia.

Kheri alichukua nyundo, akazunguka hadi dirisha la mbali naye, akamwashiria ageuze uso. Bi Salma, akidhani anaitwa, alijikokota juu ya kiti hadi pale, akabandika kiganja chake kwenye kioo.